Picha ya Arusi Yataka Kasha Gani?

Zamani arusi ilikuwa ya walioalikwa. Aliye mbali alingoja barua, au kaseti ya video ichukuliwe na msafiri. Siku hizi bwana arusi anaishi Kawangware, Nairobi, mamake yuko Mombasa, wajomba wako Maskati, na wote wataka kuiona nikaha kabla jua halijatua. Basi picha hupandishwa mtandaoni, na hapo ndipo kumbukumbu nyingi huharibika. Kamera huwa haina kosa; aghalabu lililokosewa ni kuchagua faili ya kupeleka.

Pale Kawangware 46, kituo kilichopata jina lake kutokana na nambari ya matatu ziendazo huko, wako vijana wenye vibanda vya kuhariri video. Nilikwenda kwa mmoja wao kwa ajili ya arusi ya jamaa yetu. Nakala iliyomfikia mjomba Maskati ilikuwa na ukungu. Nyuso hazitambulikani, na sauti ya shekhe akisoma hutuba ya nikaha yakatikakatika. Ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida, njia ambayo huibana picha ili iwe nyepesi. Kisha mtu akaihifadhi, akaikata, akaituma upya, ikabanwa mara ya pili.

"Mzee, ile ya asili iko?" akaniuliza fundi. Alhamdulillahi, ilikuwamo bado katika kadi ya kamera.

"Basi hatujapoteza kitu," akasema.

Alilonieleza lafaa kila msomaji alijue. Herufi zinazomalizia jina la faili, kama MP4, MOV au AVI, ni kasha tu. Nguo zilizomo kashani zaweza kukunjwa kwa namna nyingi, na namna hiyo ya kukunja ndiyo iitwayo kodeki. Makasha mawili ya MP4 huweza kufanana kwa nje, moja likafunguka kila mahali na la pili likagoma. Kwa hiyo kubadili herufi za mwisho hakubadili kilichomo ndani.

YouTube wenyewe hushauri kasha la MP4, picha iliyokunjwa kwa H.264, utaratibu uliotolewa mwaka 2003, na sauti iliyokunjwa kwa AAC. Zipo kodeki mpya zibanazo zaidi, lakini simu kuukuu nyingi hazizifungui vizuri. Idadi ya picha kwa sekunde iachwe kama ilivyopigwa: zikiwa 25, zibaki 25.

Lipo pia suala la uzito, maana mtaani data hununuliwa kwa fedha ya chakula. Kwa picha ya ukubwa wa 1080, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde; kwa 720, megabiti 5. Ukipiga hesabu, saa moja ya 1080 ni gigabaiti 3.6 hivi, na ya 720 ni 2.25. Atazamaye kwa simu hataona tofauti kubwa. Sisi tuliichukua sherehe nzima kwa 720, na dakika 12 za nikaha peke yake kwa 1080.

Haya hayahusu arusi tu. Huko Kibera, vijana wa Kibera News Network walianza mwaka 2010 kupiga habari za mtaa wao kwa kamera ndogo na kuziweka YouTube. Picha ya namna hiyo huweza kuwa ushahidi, mradi nyuso na sauti zitambulikane.

Kilichokwisha kubanwa hakirudi kama kilivyokuwa. Faili ya asili na iwekwe mahali pawili, na inayopandishwa iwe nakala yake. Ikibidi kutumia WhatsApp, itumwe kwa njia ya hati, isitumwe kwa njia ya video, hapo haitabanwa. Na mpiga picha aambiwe mapema, kabla ya siku ya arusi, asifute kadi yake mpaka wenyewe wameitazama kazi yote.