Ng'ombe Akijaa, Tazama Kushoto

Hapa Gehandu wananiita daktari, ingawa cheo changu ni afisa mifugo. Simu zinazonikimbiza kwenye pikipiki kabla mpigaji hajamaliza kusema ni za msimu wa mvua za kwanza, au za siku mifugo inapofunguliwa kwenye shamba la maharage. "Daktari, shikamoo. Ng'ombe amejaa." Naitikia marahaba, kisha nauliza: amejaa upande gani?

Nikiambiwa kushoto, najua hatuna muda. Tumbo kubwa la ng'ombe, la kwanza kati ya manne, liko upande huo, na kwa ng'ombe mkubwa huchukua zaidi ya lita 100. Humo majani huchachuka mchana na usiku, yakitoa gesi inayofika lita 30 hadi 50 kwa saa. Ng'ombe mwenye afya huitoa kwa kubeua, wala huna habari. Njia ikiziba, tumbo linapanda, linasukuma mapafu na kubana mishipa mikubwa ya damu. Wengi husema ng'ombe kapasuka tumbo. Hapana, amekosa pumzi. Anaweza kufa ndani ya saa chache, au chini ya hapo, na barabara zetu za udongo wakati wa masika zinajulikana. Kwa hiyo tabibu wa kwanza ni yule aliye machungani, mara nyingi kijana mdogo, na ningependa kila kijana wa Gehandu ayajue haya kabla hajakabidhiwa fimbo.

Dalili huanza kimya. Ng'ombe anaacha kula, hacheui, anajitenga na wenzake. Kile kishimo cha kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, kinajaa hadi kinasawazika, kisha kinapanda kuupita uti wa mgongo. Kipige kwa vidole: kinalia kama ngoma. Anapiga teke tumboni, analala na kuinuka, anatoa mate. Akianza kupumua kwa mdomo, ulimi nje, usisubiri mtu.

Mwinue. Msimamishe penye mwinuko, miguu ya mbele juu. Mfunge kijiti mdomoni kama lijamu atafune na kutoa mate, kisha mtembeze taratibu.

Kabla ya kumpa chochote, pitisha mkono shingoni na uulize alikuwa anakula nini. Kama kuna kiazi au gunzi limekwama kooni, atanyoosha shingo, atakohoa na kudondosha mate mengi. Huyo usimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni. Anahitaji mtaalamu wa kukitoa au kumpitishia mpira.

Lakini kama alikuwa kwenye majani machanga ya jamii ya kunde, kama maharage au alfalfa, hasa yakiwa na umande, gesi imegeuka povu laini na haibeuliki. Dawa yake ipo jikoni: mafuta ya kula, na kwetu alizeti haikosekani. Ng'ombe mkubwa mpe hadi nusu lita, mbuzi au kondoo mililita 50 hadi 100. Tumia chupa ya plastiki, pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe juu sana, na umpe nafasi ya kumeza. Nimeona ng'ombe aliyepona tumbo akafa baadaye kwa homa ya mapafu kwa sababu ya haraka ya mnyweshaji. Hilo linaniuma kuliko vifo vingine, maana mwenye mali alikuwa anahangaika kumwokoa.

Kisu ni cha mwisho kabisa, mnyama akiwa ameanguka na pumzi inakatika. Hutobolewa kushoto tu, juu, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga, ncha ikielekea chini na mbele. Sisi tuna trokari, sindano nene yenye mrija wake, inayoacha jeraha dogo. Hata hiyo haitoi povu vizuri, kwa hiyo mafuta yanabaki muhimu. Aliyetobolewa lazima atibiwe siku hiyo hiyo.

Kuzuia ni rahisi zaidi: mpe mabua au nyasi kavu asubuhi kabla hajaona kijani, na subiri umande ukauke. Alfalfa ikatwe, inyauke kwanza.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Ukimkuta ng'ombe amekufa ghafla, amevimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usidhani ni gesi. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Usimchune, usimpasue kutazama, usigawe nyama, na mbwa wafungwe. Vijidudu vyake vikipata hewa hujenga ganda na kukaa udongoni miaka mingi. Weka mtu alinde mzoga na umpigie afisa mifugo, hata usiku wa manane. Tutakuja, na shimo litachimbwa la mita mbili kwenda chini, mbali na mto na mbali na malisho.