Ana Lua Caiano na Binamu wa Dufu

Ana Lua Caiano, mwimbaji na mtunzi wa Lisbon aliyezaliwa mwaka 1999, hupanda jukwaani peke yake, lakini kinachosikika ni kundi zima. Hupiga ngoma kubwa iitwayo bombo mapigo machache. Kifaa kilicho mbele yake huyanasa na kuyarudia bila kuchoka. Juu ya mapigo hayo huongeza kinanda cha umeme, kisha sauti yake mwenyewe, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata aliyefumba macho adhani akina mama wa kijiji kizima wanaitikiana.

Kuitikiana huko hakukutoka kwenye fado, uimbaji wa majonzi wa mijini ambao wageni wengi hudhani ndio muziki wote wa Ureno. Kumetoka shamba. Katika Beira Baixa, karibu na mpaka wa Hispania, wanawake huimba huku wakipiga adufe: ngoma bapa ya pembe nne, iliyowambwa ngozi pande zote mbili, ndani yake mmetiwa mbegu au vizibo vya chupa vinavyochakarika kila inapopigwa. Jina lake ni la Kiarabu, lililoachwa na Waislamu walioitawala sehemu hiyo ya Ulaya kwa karne kadhaa. Ni neno lile lile lililowapa Waswahili dufu la maulidi.

Nyimbo nyingi za vijijini zinasikika leo kwa sababu Michel Giacometti, mtu wa Corsica aliyehamia Ureno mwaka 1959, alizunguka na mashine ya kurekodi. Kisha akaja mwimbaji José Afonso, aliyewahi kuwa mwalimu Msumbiji, akazigeuza nyimbo za jadi kuwa sauti ya kupinga udikteta uliotawala Ureno. Wimbo wake „Grândola, Vila Morena” ulipigwa redioni usiku wa kuamkia 25 Aprili 1974, ukiwa ishara kwa wanajeshi kuanza mapinduzi.

Caiano amemsikiliza Afonso, na pia Björk, mwimbaji wa Iceland. Baada ya rekodi mbili fupi za mwaka 2022 na 2023, ya kwanza ikiwa na jina la kimzaha, „Nimechelewa Kuifikia Jana”, albamu yake kamili, „Vou Ficar Neste Quadrado”, ilitolewa mwaka 2024 na kampuni ya muziki ya Glitterbeat ya Ujerumani. Maneno ya nyimbo zake si ya mavuno wala mifugo, ni ya maisha ya kila siku ya mtu wa mjini. Ngoma ndiyo iliyobaki ya kijijini, na haikulainishwa ili kuwafurahisha vijana. Msikilizaji aliyezoea dufu hatahitaji mkalimani.