TANZIA YA SHABIKI: KENGELE KUMI NA UTUNZAJI WA KUMBUKUMBU ZA NDONDI

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna wapenzi wa mchezo wa ndondi wanavyomkumbuka mwenzao aliyefariki ambaye hakuwa bondia mashuhuri wala mkufunzi. Tanzia ya bingwa imezoeleka: hutaja mikanda aliyotwaa, wapinzani aliowaangusha na siku aliyoangushwa yeye. Lakini pembeni mwa ulingo huwapo mtu mwingine, yule anayejua tarehe za mapambano, uzito wa mabondia na majina ya waamuzi, na ambaye wenzake humwendea wanapobishana. Mtu huyu akifa, husemwa nini juu yake, na usemi huo unatenda kazi gani?

Tunadai hapa kwamba tanzia ya shabiki ni tendo la makabidhiano kabla ya kuwa tendo la sifa. Yaliyokuwa kichwani na kabatini mwa mtu mmoja hutakiwa yapokewe na wengine. Tanzia inayoishia katika sifa tupu huwa imetimiza nusu tu ya wajibu wake.

2.0 Maana ya kengele kumi

Ibada ya maombolezo inayotambulisha ndondi kuliko michezo mingine ni ile ya kengele kumi. Kabla ya pambano kuanza, watu huombwa wasimame, taa aghalabu hupunguzwa, na mtunza muda hugonga kengele mara kumi polepole huku ukumbi ukiwa kimya.

Idadi hiyo haikuzuka hivihivi. Katika kanuni za Jack Broughton za mwaka 1743, mpiganaji aliyeanguka alipewa nusu dakika ili arudi katikati ya ulingo. Kanuni za Queensberry, zilizochapishwa mwaka 1867, zilipunguza muda huo ukawa sekunde kumi. Tangu hapo, kumi imekuwa namba ya hukumu: aliyeshindwa kuinuka kabla ya kuhesabiwa kumi amekwisha.

Kengele za maombolezo zinaitumia namba hiyohiyo, ila zinaigeuza maana. Hesabu ya mwamuzi humtangaza aliyeanguka kuwa ameshindwa. Hesabu ya kengele humtangaza kuwa anaheshimiwa. Katika hesabu ya kwanza ukumbi hupiga kelele. Katika ya pili hunyamaza. Aidha, kengele zikigongwa kwa ajili ya shabiki, hugongwa kumi zilezile anazogongewa bingwa wa dunia. Hapo jumuiya huwa inakiri bila maneno kwamba mtunza kumbukumbu naye alikuwa mtu wa ulingoni.

3.0 Msamiati wa kumtaja aliyekufa

Kiswahili kinayo maneno yake ya shughuli hii, nayo hayalingani uzito. Neno marehemu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya aliyerehemewa. Huweza kumhusu maiti yeyote, mkubwa kwa mdogo. Neno hayati, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, aghalabu hutengewa mtu aliyetukuka katika jamii. Tanzia yenyewe, kwa asili yake, ni kuliwaza wafiwa. Kwa hiyo, mwandishi anapochagua kumwita shabiki marehemu au hayati, huwa tayari ametoa kauli kuhusu daraja lake.

Ugumu huanzia kwenye neno shabiki. Katika matumizi ya kila siku, ushabiki huhusishwa na kelele na upendeleo. Kumwambia mtu kwamba anazungumza kishabiki ni kumkosoa. Ndiyo sababu tanzia za watu wa aina hii hulikwepa neno hilo na kumpandisha marehemu kuwa mjuzi, mwanahistoria au mzee wa ngumi. Upandishaji huu si urembo wa lugha. Unabainisha kwamba mapenzi ya mchezo, yakishikamana na uaminifu kwa ukweli, hugeuka kuwa elimu.

Hali kadhalika, ipo kauli iliyochakaa kwa kutumiwa: ameacha pengo. Katika tanzia nyingi kauli hii ni ya adabu tu. Kwa mtunza kumbukumbu, la hasha! Pengo lake ni halisi na laweza kuorodheshwa: ni pambano ambalo tarehe yake aliijua yeye peke yake, ni picha ambayo ni yeye tu aliyeweza kuwataja waliomo.

4.0 Mfano wa Hank Kaplan

Mfano ulio wazi ni wa Hank Kaplan wa Marekani. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1919 na kufariki Desemba 2007. Kwa muda mrefu alikuwa karibu na Fifth Street Gym ya Miami Beach, ukumbi wa mazoezi uliokuwa chini ya Chris Dundee, ambamo kijana Cassius Clay, aliyekuja kuitwa Muhammad Ali, alijifua. Kaplan hakujulikana kwa ngumi zake. Alijulikana kwa kukusanya: vipande vya magazeti, picha, barua, programu za mapambano na vitabu, akivipanga nyumbani kwake mwaka hadi mwaka. Waandishi na watafiti walimtegemea.

Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Ndondi huko Canastota, New York. Hiyo ilikuwa heshima. Lakini jambo lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba mkusanyo wake, wenye vitabu zaidi ya 2,000 na picha kwa mamia ya maelfu, ulikabidhiwa Brooklyn College, ambako watafiti huweza kuusoma. Kwa namna hiyo, kumkumbuka Kaplan hakukuishia katika kumsifu. Kila anayefungua sanduku lake anaiendeleza kazi yake.

5.0 Hali ya Afrika ya Mashariki

Jambo hili linatuhusu. Chukua Philip Waruinge wa Kenya. Jedwali la medali za Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 linamwonyesha kuwa mshindi wa shaba katika uzito wa unyoya, basi. Mtu anayesoma jedwali hilo peke yake hatajua kwamba katika michezo hiyohiyo Waruinge ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote, wakiwamo waliotwaa dhahabu. Chukua pia Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu Seoul mwaka 1988 na kufariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano. Takwimu humpa mstari mmoja au miwili. Namna alivyopigana imo katika kumbukumbu za waliomtazama.

Mambo ya aina hii husimuliwa vibarazani na katika kumbi za mazoezi na wazee wasioandika. Simulizi hizo ni fasihi simulizi kwa kila kipimo: zina fanani, zina hadhira inayomkatiza na kumsahihisha, na zina fomyula zake. Hata hivyo, watafiti wetu wamezoea kuitafuta fasihi simulizi katika ngano na nyimbo, wakampita msimulizi wa ngumi bila kumsikiliza.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kengele kumi, uteuzi wa neno la kumwitia marehemu na kauli ya pengo vyote huelekeza kwenye jambo moja: jumuiya hutambua kwamba kifo cha mjuzi ni kifo cha maarifa pia. Tanzia iliyo bora, kwa hiyo, ni ile inayotaja kwa uwazi marehemu alikuwa akijua nini, alihifadhi nini, na nani amekipokea. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, kazi inapaswa kuanza mapema zaidi, wakati mzee wa ngumi angali na sauti yake. Kengele ikishagongwa mara ya kumi, hakuna wa kumuuliza.