Huzuni Isiyo na Matanga: Kicheko na Sonona katika Vibonzo vya BoJack Horseman

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba wanyama wa ngano zetu ni wahusika bapa. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, kobe ni mvumilivu, na hadithi haimdai yeyote kati yao zaidi ya hapo. Fisi akiangamia kwa ulafi wake, hadhira hucheka na kwenda kulala. Hakuna anayeuliza fisi alikuwa na hali gani moyoni usiku wa kuamkia siku hiyo. Makala haya yanamhusu farasi ambaye waandishi wake walimwuliza swali hilo kwa misimu sita mfululizo.

Farasi huyo anaitwa BoJack, naye ndiye mhusika mkuu wa msururu wa vibonzo vya watu wazima uitwao BoJack Horseman. Msururu huu ulibuniwa na Raphael Bob-Waksberg, na sura za wahusika zikabuniwa na mchoraji Lisa Hanawalt. Ulianza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix tarehe 22 Agosti 2014, ukakamilika tarehe 31 Januari 2020 baada ya vipindi 77. Mandhari yake ni Hollywood ambamo wanyama na binadamu huishi kama majirani, huoana na hushtakiana. BoJack aliwahi kuwa nyota wa kipindi cha kuchekesha cha miaka ya 1990 kuhusu farasi anayelea mayatima watatu. Tunapokutana naye umaarufu umekwisha, nyumba ni kubwa, pombe haimtoki mkononi, na ulimi wake bado ni mwepesi wa mzaha.

Nilianza kuutazama nikiwa katika shahada ya kwanza, si kwa ajili ya usomi bali kwa uvivu, kwa sababu jirani yangu bwenini alikuwa nao kwenye kipakatalishi chake. Jirani huyo ndiye aliyekuwa mcheshi wa ghorofa yetu. Hakuna mhadhiri ambaye hakuweza kumwiga, kuanzia mwendo hadi namna ya kukohoa. Muhula wa pili aliacha kuhudhuria mihadhara. Tukimgongea mlango saa saba mchana tungemkuta kitandani, naye angetuambia kwamba yeye alifariki jana, tuendelee tu na mipango ya mazishi. Tulicheka. Tulikuwa kama watu arobaini katika ghorofa ile na sote tulicheka. Asubuhi moja kaka yake alikuja akabeba godoro na sanduku, wakaondoka. Yu hai, na ninayaandika haya kwa idhini yake. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jinsi watu arobaini, wakiwemo waliopata alama za juu katika swali la kinaya, walivyoshindwa kusoma matini iliyokuwa wazi kiasi hicho.

Futuhi, tanzia na kilicho katikati

Uhakiki wetu umezoea kutenga futuhi na tanzia, na kwa kazi zinazokataa kutengwa tunayo istilahi ya tanzia-ramsa. Istilahi hii inafaa pale ambapo tukio la kuhuzunisha na tukio la kuchekesha hupishana, hili likaja kumpumzisha mtazamaji kutokana na lile. Katika msururu huu hali ni tofauti. Kicheko hakiji baada ya huzuni wala kabla yake. Kicheko ndilo vazi ambalo huzuni imelivaa. BoJack hutania kila mara anapokaribia kusema jambo la kweli, hivi kwamba baada ya muda mtazamaji huanza kuusikiliza mzaha kama daktari anavyosikiliza kikohozi.

Chukua mathalani kipindi cha sita cha msimu wa nne (2017). Mtazamaji huingizwa kichwani mwa BoJack. Michoro nadhifu yenye rangi, ambayo tayari ameizoea, hukatizwa na michoro ya mikwaruzo, kana kwamba mtoto mwenye hasira amepewa kalamu, huku sauti yake BoJack mwenyewe ikimtukana kwa kila anachotenda, hata biskuti anazokula asubuhi. Katika tamthilia ya jukwaani kazi hii hufanywa na usemi nafsia: mhusika husimama peke yake na kuifungulia hadhira moyo wake, kwa sentensi zilizopangika. Vibonzo vinaweza kufanya ambalo jukwaa haliwezi kulifanya kwa urahisi, nalo ni kuuchora mvurugiko wenyewe. Mara kwa mara katika kipindi hicho tunarudishwa ndani ya kichwa hicho. Mwishoni Hollyhock, msichana wa miaka 17 anayedhaniwa wakati huo kuwa binti yake, anamwuliza kama sauti ya namna hiyo huisha mtu anapokua. BoJack anamjibu kwamba huisha.

Hapo hapana mzaha wowote. Ni kinaya cha kidrama katika umbo lake safi kabisa, kwa sababu sisi tunajua anadanganya na msichana hajui, na huenda huo ndio uwongo wa huruma kuliko wote aliowahi kusema.

Farasi mbele ya jeneza

Kipindi kinachosifiwa sana na wapenzi wa msururu huu ni 'Free Churro', cha sita katika msimu wa tano (2018). Mimi hukiita 'Andazi la Bure', ingawa churro ni andazi refu jembamba la asili ya Kihispania. Baada ya tukio fupi la utotoni, ambamo baba anamrudisha mwanawe nyumbani kwa gari, sehemu yote iliyosalia ni BoJack amesimama mbele ya jeneza la mamake, Beatrice, akitoa hotuba ya mazishi. Anayezungumza ni yeye peke yake, kwa sauti ya mwigizaji Will Arnett, kwa zaidi ya dakika ishirini. Mandhari hayabadiliki. Mwandishi yeyote wa vichekesho angeambiwa kwamba hiyo ni njia ya hakika ya kuwafukuza watazamaji.

Nilikuwa nikikitazama kwa mara ya tatu nyumbani Mukumu, likizo ya Desemba, shangazi yangu alipopita na ungo wa mrenda. Kwetu shangazi tunamwita senje.

"Huyo anazika nani?" akauliza.

"Mamake, Senje."

Akavuta kigoda. Ikanibidi nitafsiri papo kwa papo, kazi ambayo ninawashauri wanafunzi wote wa tafsiri waijaribu mara moja maishani. Alicheka nilipomweleza kisa cha andazi: BoJack alipitia kwenye mkahawa, akamwambia mhudumu kwamba mamake amefariki, mhudumu akampa andazi bila malipo, na kitendo hicho kidogo cha mtu asiyemjua kikawa na upole kuliko wote aliowahi kuonyeshwa na mzazi wake. Alicheka, kisha akaacha kuchambua mrenda.

Ugumu ulikuja kwenye maneno ya mwisho ya marehemu. BoJack anaamini kwamba mamake, akiwa hospitalini, alimwambia kwamba anamwona. Anaishika kauli hiyo na kuigeuzageuza: je, ilikuwa upendo? Ilikuwa onyo? Ilikuwa msamaha? Halafu katikati ya hotuba anang'amua kwamba mama huenda alikuwa akisoma tu herufi zilizoandikwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, ICU, ambazo zikitamkwa kwa Kiingereza husikika kama sentensi nzima. Mchezo huu wa maneno hautafsiriki. Kiswahili hakina herufi tatu za hospitali zinazosikika kama "nakuona". Nilichofanya ni kumweleza Senje kwamba maisha yote farasi huyu alingoja neno moja kutoka kwa mamake, akadhani amelipata, kumbe mama alikuwa akisoma kibao cha mlangoni. Alinielewa vizuri kuliko ningetafsiri.

Na mwisho wake ni huu: BoJack analichungulia jeneza, kisha anawatazama waombolezaji na kubaini kwamba ameingia chumba kisicho chake. Aliyelazwa mle si mamake. Waliomsikiliza kimya muda wote ni jamaa za marehemu mwingine. Hiki ni kichekesho cha kale mno, cha mtu aliyekosea mlango, na ungetegemea mtu aangue kicheko. Senje hakucheka.

"Huyo hakuwa na watu," alisema.

Ili kauli hii ieleweke, ni vyema kukumbuka mazishi yalivyo kwetu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, hupigwa arusini na hupigwa matangani. Ngoma ni zile zile. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, mtani huja msibani akamwiga marehemu, akazuia shughuli hadi alipwe, na hakuna wa kumkasirikia. Kwa hivyo hatukungoja Netflix kutufundisha kwamba kicheko kina nafasi kando ya jeneza. Tofauti ni kwamba kicheko cha mtani ni cha watu wengi. Kinatolewa na mtu aliyeruhusiwa, mbele ya wafiwa wanaomjua, na kina kikomo: siku ya kuzika ipo, siku ya kunyoa nywele ipo, na watu hurudi mashambani. Mtu akikosea boma Mukumu, kabla hajasema sentensi mbili kuna mama atakayemvuta mkono. BoJack anajitania mwenyewe, dakika ishirini, na hakuna wa kumvuta.

Hata hivyo, kwa heshima zote, natofautiana na Senje. Jirani yangu wa bwenini alikuwa na watu. Alikuwa na watu arobaini.

Diane na suala la istilahi

BoJack ana visingizio, kama tunaweza kuviita hivyo: mama mkali, baba mlevi, umaarufu uliopita. Mtazamaji anayetafuta chanzo cha huzuni yake atakipata. Kwa sababu hiyo naona mhusika anayetufaa zaidi ni Diane Nguyen, mwandishi, mmoja wa binadamu wachache miongoni mwa wahusika wakuu. Katika msimu wa sita Diane yuko Chicago na mwanamume anayempenda, ana kazi na ana muda wa kuandika, lakini kuamka kunamshinda. Anazikataa dawa, kisha anazikubali. Mwili wake unanenepa na wachoraji wanamchora hivyo, bila kumfanya kichekesho. Anang'ang'ana kuandika kitabu kuhusu maumivu ya utoto wake, kwani anaamini kwamba kama maumivu hayo hayatazaa kitabu kizuri basi yalikuwa ya bure. Kitabu hakiji. Kinachokuja ni hadithi nyepesi ya msichana mpelelezi, na inamchukua muda kukubali kwamba hiyo nayo ni kazi.

Hali ya Diane tuiiteje? Huzuni, majonzi, simanzi na jitimai ni maneno mazuri, ila msikilizaji wa Kiswahili akiyasikia huuliza mara moja: kwani nani kafa? Nchini Kenya tumezoea "msongo wa mawazo", nao unamhusu mtu anayesongwa na jambo, karo au kodi ya nyumba, likiondoka, amepona. Wenzetu wa Tanzania hutumia "sonona", na binafsi naliunga mkono neno hili. Limetoka katika familia ya kusononeka, maumivu ya ndani kwa ndani, na laweza kusimama peke yake bila kudai maiti. Ni huzuni isiyo na matanga, hivyo haina siku ya kunyoa.

Si kwamba fasihi yetu haikuijua. Euphrase Kezilahabi alimwandika Kazimoto katika Kichwamaji mwaka 1974, msomi wa chuo kikuu anayesimulia kwa nafsi ya kwanza hadi anapojitoa uhai. Tumezoea kumweka Kazimoto katika chumba cha udhanaishi na kufunga mlango. Nimefanya hivyo mwenyewe katika mtihani, na nikapata alama. Sidai kwamba udhanaishi haumo, umo. Ninachodai ni kwamba istilahi hiyo imeturuhusu kuijadili falsafa ya mtu huyo bila kuuliza kama alikuwa mgonjwa, na kwamba mhakiki angeweza kuuliza yote mawili. Kezilahabi aliaga dunia tarehe 9 Januari 2020, wiki tatu kabla ya BoJack kufika tamati. Miaka mitano baadaye, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua na kuweza kumfunga hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Yaani wakati wote tulipokuwa tukimfafanua Kazimoto darasani, mtu halisi wa mfano wake aliyenusurika angeweza kutoka hospitalini na kupelekwa kizimbani.

Jirani yangu sasa anasaga mahindi katika kinu cha kakake, na amerudia masomo kwa njia ya masafa. Mwezi uliopita alinipigia simu akaanza, kama desturi yake, kwa kunijulisha kwamba amefufuka na anatafuta nauli ya kurudi kaburini. Nilicheka. Kisha nikamwuliza wiki hii amekuwa akilala vipi. Alinyamaza kidogo, nikasikia kinu kikizimwa, akaanza kunieleza.