Kuitambua Breki Dhaifu

Mtu ashukaye kwa motokaa kutoka Lushoto kwenda Mombo hupita njia ya mapindi mengi, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Hapo uzima wa wote waliomo garini hutegemea mguu mmoja wa dereva. Akikanyaga breki na gari lisitii, ubora wa injini haumfai kitu. Basi ni heri kuujua ugonjwa wa breki gari lingali limesimama nyumbani, kuliko kuujua mlimani.

Kwanza tufahamu jinsi breki ifanyavyo kazi. Dereva akanyagapo, husukuma mafuta ya breki yaliyomo katika mabomba membamba. Blaise Pascal, mtaalamu wa Ufaransa aliyeishi tangu 1623 hata 1662, alionyesha ya kuwa kitu cha majimaji kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea pande zote sawasawa. Ndivyo mguu mmoja uwezavyo kuyazuia magurudumu manne kwa mara moja. Lakini gari ni zito na mguu huchoka. Kwa hiyo magari mengi yana msaidizi, chombo cha duara mfano wa chungu kipana, ambacho mafundi hukiita busta. Upande mmoja wa busta hewa hufyonzwa, na upande wa pili hewa ya nje huingia ikasukuma pamoja na mguu.

Ni nini kiifyonzayo hewa hiyo? Katika gari la petroli ni injini yenyewe, kwa maana ina kilango kinachopunguza hewa iingiayo, na nyuma yake hutokea mvuto. Injini ya dizeli ya zamani kwa desturi huvuta hewa pasipo kizuizi, wala haina mvuto wa kutosha. Basi imepewa pampu ya kufyonza hewa. Katika magari mengi ya zamani ya Toyota ya dizeli, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta, chombo kifanyacho umeme. Pampu ikichoka, breki hudhoofika ijapokuwa magurudumuni hapana kosa. Hapo ndipo wengi wakosapo: hununua vyombo vipya vya magurudumu, fedha zikapotea bure.

Tabibu mwema hatoi dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa. Vivyo hivyo fundi hukiuliza kikanyagio. Hulisimamisha gari mahali tambarare, huyawekea magurudumu mawe, kisha hukanyaga na kusikiliza kwa mguu.

Kikanyagio kikiwa laini kama sifongo, kisha kikawa kigumu akikanyaga upesi upesi, mara nyingi hewa imeingia katika mafuta. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Basi nguvu ya mguu huishia katika kuibana hewa. Dawa yake ni kuitoa hewa hiyo, na kupatafuta ilipoingilia.

Kikizidi kushuka polepole huku mguu umekikalia, yamkini mafuta yanavuja. Fundi hutazama chini ya gari na ndani ya magurudumu. Asipoona unyevu, huenda mipira iliyomo ndani ya masta silinda imelika, na mafuta hurudi nyuma pasipo kuonekana nje.

Kikiwa kigumu kama jiwe, na gari halisimami upesi, msaidizi hafanyi kazi. Hapo fundi huzima injini, hukanyaga mara tano au sita ili kuumaliza mvuto uliobaki, hukikalia kikanyagio kwa mguu, kisha huwasha injini. Kikizama kidogo, busta inafanya kazi. Kisipozama, huuchomoa mpira wa hewa uingiao katika busta, na injini ikinguruma huweka kidole gumba mdomoni mwake. Kidole kikifyonzwa kwa nguvu, pampu ni nzima, na kosa limo katika busta au kiungo chake. Kisipofyonzwa vema, huukagua mpira kama umepasuka. Ukiwa mzima, mwenye kosa ni pampu.

Tena gari likivuta upande mmoja, breki ya gurudumu moja haishiki sawa na mwenziwe. Pengine imekwama, au imelowa mafuta. Na breki ikififia mlimani tu, joto limeishinda. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakizeeka huchemka upesi. Kwa sababu hiyo hubadilishwa kila baada ya muda, na dereva mwangalifu hushuka kwa gia ya chini.

Mambo mawili yakumbukeni daima. Msitie kamwe mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa maana mipira huvimba na kuharibika. Wala dereva asizime injini mteremkoni kwa kutaka kuokoa dizeli. Injini ikisimama, pampu nayo husimama. Msaidizi hudumu kwa mikanyago michache tu, kisha mguu hubaki peke yake.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa breki ni mdogo, na kikanyagio huutangaza mapema. Dereva aupuuzaye huenda asipate nafasi ya kujenga ukuta wowote, yeye wala abiria waliomwamini.