Cheti cha Ukaguzi wa Gari: Kinathibitisha Nini, na Kinaacha Nini

Kwa familia nyingi za Kilifi na Malindi, gari la kwanza huwa dogo na lililokwisha kutumika: Toyota Vitz au Passo, Nissan March, Mazda Demio. Wengi hulinunua kwa akiba ya miaka au kwa mkopo wa sako. Muuzaji akitoa cheti cha ukaguzi, mnunuzi hupumua, akaona hakuna la kuuliza tena.

Cheti hicho ni cha lazima kukiangalia, lakini kina mpaka wake. Kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakitoi ahadi kwamba litabaki hivyo baada ya msimu mmoja wa kusi.

Vyeti viwili tofauti

Cheti cha kwanza ni cha gari linaloingia nchini. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, hutaka gari lililotumika liwe na usukani upande wa kulia, lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na liwe limekaguliwa kule linakotoka kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo cheti hicho kinazungumzia gari lilivyokuwa Japani au kwingineko, si lilivyo leo baada ya kutembea miaka mitatu katika barabara za Ganze au Magarini.

Cheti cha pili hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, gari likishafikishwa katika kituo cha ukaguzi, kama kile cha Mombasa. Matatu na magari mengine ya abiria hukaguliwa kila mwaka. Wakaguzi huangalia breki, usukani, saspensheni, taa, magurudumu, mikanda ya usalama, moshi, na kama nambari ya chasisi inalingana na iliyo katika rekodi.

Ukaguzi wa aina hii hupima usalama barabarani. Haupimi umri uliobaki wa injini. Uingereza, ambako magari ya watu binafsi hukaguliwa kila mwaka yakishatimiza miaka mitatu, serikali huwaeleza wananchi wazi kwamba ukaguzi huo hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi. Gari linaweza kupita leo, na giaboksi yake ikakataa mwezi ujao, bila mkaguzi kuwa amekosea.

Chumvi haingoji tarehe ya ukaguzi

Wakazi wa Gongoni na Marereni wanaijua chumvi kama kazi na riziki. Kwa gari, chumvi hiyohiyo ni adui. Upepo wa bahari huipeleka hadi chini ya bodi, nayo ikikutana na unyevunyevu, chuma hupata kutu upesi zaidi kuliko bara. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja lililokaa Nairobi na jingine lililolala nje karibu na ufuo wa Watamu, hayawezi kuhesabiwa kuwa sawa. Hata gari lililofika juzi kutoka Japani laweza kuwa limeanza kuliwa, kwa kuwa sehemu za huko zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi.

Hatari kubwa haiko kwenye mlango wenye doa la kutu. Iko kwenye mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Bomba likiliwa kwa nje, laweza kustahimili breki za kawaida, kisha likapasuka dereva anapokanyaga kwa nguvu zote, yaani pale anapoihitaji breki zaidi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kufanya haya:

- Asome tarehe ya cheti, kisha alinganishe nambari ya chasisi iliyo kwenye gari na ile ya logibuku.
- Atafute fundi wake mwenyewe, asiyeletwa na muuzaji. Gari linyanyuliwe na kuegemezwa kwenye stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
- Fundi aangalie mabomba ya breki, sehemu za kuwekea jeki, na mahali saspensheni inaposhikana na bodi. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari yaweza kuwa kinga, na yaweza pia kuwa imefunika kutu.
- Injini ikiwa inanguruma, akanyage pedali ya breki na kuishikilia kwa dakika moja. Ikizama polepole, huenda mafuta yanavuja.
- Asome tarakimu nne za mwisho za msimbo wa tairi unaoanza na herufi DOT. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ni nzima.
- Ikiwa cheti ni cha zamani, akubaliane na muuzaji gari likaguliwe upya kabla ya malipo ya mwisho. Miadi huwekwa kupitia eCitizen. Cheti kilichopatikana bila gari kufika kituoni ni karatasi tu.

Baada ya kununua

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali salama kila linapokuwa barabarani, si siku ya ukaguzi pekee. Katika pwani, hilo linamaanisha kuliosha chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa likitoka mchangani ufuoni, na kubadilisha mafuta ya breki takriban kila miaka miwili, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani.

Wakazi wakumbuke pia kwamba ukaguzi wa magari ni jukumu la serikali ya kitaifa kupitia NTSA. Chini ya Katiba ya 2010, kaunti hushughulikia barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma. Mwenye swali kuhusu cheti aende NTSA. Mwenye swali kuhusu maegesho au steji afike katika ofisi za kaunti zilizo karibu naye.