Race 3: Jina Lile Lile, Mbio Nyingine

Steringi hakukosekana: Salman Khan alikuwepo, na filamu ilitoka sikukuu ya Idi, Juni 2018. Magari yaliruka, risasi zikalia. Mbona basi watazamaji wengi India walitoka wamenuna?

Race ya 2008 na Race 2 ya 2013 ziliongozwa na ndugu wawili, Abbas na Mustan. Saif Ali Khan ndiye alikuwa mhusika mkuu, na utamu wenyewe ni usaliti usioutegemea. Ya tatu ikapewa Remo D'Souza, Saif hayupo. Hata Anil Kapoor, yule mpelelezi asiyeacha kutafuna matunda, karudi kama mtu mwingine kabisa! Sasa huo ni mwendelezo wa nini?

Jina la filamu ni ahadi. Ukibadilisha kilichomo, aliyelipa kiingilio anajiona kaibiwa, hata mapigano yawe moto vipi.